Kwa Nini Niliiosha Mashine Mbovu ya Vyombo

Vijana wangu wa jikoni, mliniona juzi nimechuchumaa nyuma ya jiko la hosteli na ndoo na kitambaa, naiosha mashine ya kuoshea vyombo ambayo kesho yake ilikuwa inachukuliwa na watu wa vyuma chakavu. Mlicheka. Mmoja wenu akasema mzee kastaafu juzijuzi tu, tayari kichwa kimeingia maji. Mwingine akaniuliza nilikuwa naiambia nini ile mashine, maana midomo ilikuwa inacheza. Sikujibu, kwa sababu jibu ni refu na magoti yalikuwa yananiuma. Sasa nipo nyumbani Viwanja Sitini, sina pa kuwahi, mke wangu amechoka kunisikiliza, basi nawaandikia ninyi. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililisoma msimu wa kuamia ndege shambani, kwa hiyo msinitafutie nukta na mkato.

Mimi sikuajiriwa kuosha vyombo. Niliajiriwa kufyeka majani. Hosteli ile wakati huo ilikuwa na majani kuliko wageni. Siku moja msaidizi wa jikoni akaenda kwao kuvuna na hakurudi, nadhani mpunga ulikuwa mzuri mwaka ule, na Mama Sikudhani akatoka nje, akanikuta na fyekeo, akaniambia nikanawe mikono niingie. Ndiyo ilikuwa barua yangu ya kupandishwa cheo.

Mama Sikudhani hamkumkuta. Alikuwa Mndamba wa Mchombe, mfupi, mwenye sauti ya kufukuzia nyani shambani, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa vyombo kabla yangu. Vyombo tu, kupika hapana. Kupika alisema ni kazi ya watu wanaopenda kusifiwa.

Siku ya kwanza alinipa kikombe kimoja cha chai nikioshe. Nikakiosha. Akakishika, akapitisha kidole gumba ndani ya ukingo, akanirudishia. Nikaosha tena. Akanirudishia. Nikaanza kukumbuka majani yangu kwa mapenzi. Mwishowe akapitisha kidole na kikombe kikalia, kwii, kama panya aliyekanyagwa, akanitazama.

"Umesikia, Ligoha? Mafuta ni bubu. Chombo safi kinaitika."

Hilo shikeni. Sahani isipolia, usiipange kabatini hata kama inang'aa. Na kwa sahani ya bati, ambayo hailii vizuri, imwagie maji na uisimamishe: maji yakishuka kama shuka, ni safi, yakijikusanya kama jasho la mtu mwongo, rudia.

Sufuria zilikuwa na sheria nyingine. Sufuria la wali lenye ukoko alilisugua kwa majivu ya pumba. Ninyi wengine mmekulia mjini kwenye dawa za chupa, lakini hapa bondeni mpunga ukishakobolewa pumba hazina pa kwenda, wachoma matofali wanazirundika kwenye tanuri, na majivu yake ni meusi ya kijivu, laini ukiyatazama na makali ukiyasugua. Hayabakizi kitu. Mama Sikudhani alikuwa anapitia kwenye tanuri la jirani anajaza kopo, analiweka kwenye karo la nje. Sufuria zake ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu. Mimi niliwahi kunyoa, akanikuta, hayo tuyaache.

Kitu kingine mnachotakiwa kujua juu yake ni habari ya bakuli. Kwao Mchombe, na hata kwetu, jirani akikuletea chakula kwenye chombo chake, humrudishii chombo kichafu, na ukiweza humrudishii kitupu. Hilo kila mtu analijua. Lakini Mama Sikudhani alilijua zaidi ya kila mtu. Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa pili, alituletea samaki kitoga wa nazi kwenye bakuli la udongo lenye maua. Tulikula, nikalisuuza haraka, nikamrudishia kesho yake. Jioni nikalikuta bakuli kwenye kikapu changu cha baiskeli. Nikalinusa: samaki. Nikaliosha upya, nikatia mchele vibaba viwili, ndipo likapokelewa. Wiki ile nzima aliniita "shemeji" kwa kunisuta, na sisi si mashemeji.

Sasa mashine. Ililetwa na wageni watafiti waliomaliza kazi yao, wale wa kuhesabu mbu, ambao hunywa chai kila mahali na kuacha vikombe hadi bafuni. Walipoondoka walitutumia hiyo kama shukrani. Ilikuja juu ya lori lililokuwa linafuata mchele, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Ilikuwa ya kusimama chini ya meza, ya chuma kisichoshika kutu kirahisi, na mlango wa kushusha. Ndani ina mikono miwili inayozunguka ikirusha maji, chini ina chujio, chini ya chujio kuna pampu, na pembeni kuna hita ya kuchemsha maji. Unapanga sahani kwenye treya, unasukuma, unafunga mlango, unasubiri. Meneja wetu, mama mmoja mtulivu ambaye hakuwahi kuinua sauti na kwa hiyo tulimwogopa sana, alituambia ni kutupunguzia mzigo, hakuna atakayeondoka.

Tukagawana. Mimi nikakaa ndani na mashine kwa kuwa sikuogopa umeme, ujinga tu. Mama Sikudhani akabaki kwenye karo la nje, kazi yake kukung'uta mabaki na kunipitishia sahani dirishani. Na niwaambie kweli, nilijivuna. Sahani zilikuwa zinatoka kwenye mashine ile zinalia kwii kabla hujazigusa. Nilimwambia kila aliyepita jikoni, hata muuza mkaa, kwamba mzungu amemaliza. Sikujiuliza kwa nini zilikuwa zinaingia zinang'aa vilevile. Mtu akishapenda mashine haulizi maswali.

Ilipoharibika mara ya kwanza ilikuwa masika. Ilianza kunguruma kama paka anayelinda mfupa, halafu maji yakatoka chini yake mpaka kwenye miguu yangu. Tukamwita Fundi Shabani. Huyu mnamjua, watoto wa leo mnamwita Mzee Shabani, wakati ule alikuwa kijana. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa hapa mjini, watu wa pwani, wakitarajia mtoto apime kanga, yeye akaenda Dar akajifunza mashine za mahotelini. Akaifungua, akasema sili ya pampu imelika. Sili ni mpira wenye uso mgumu unaozuia maji yasipite kwenye mota. Akatazama ndoo ya maji yetu ya kisima, mwaka ule yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, akasema ni tope. Akafunga chujio kwenye bomba la kuingilia, akabadilisha sili, tukaendelea.

Mara ya pili ikafa kiangazi. Hapo ndipo kichwa kilianza kuuma, maana kiangazi maji ya kisima chetu ni meupe, unaona sarafu chini. Sili ileile imelika. Na safari hii panga la pampu, kile kitu kinachosukuma maji, lilikuwa limelika kingo kama jino la mzee anayetafuna mua. Fundi Shabani akasema kwa uaminifu kwamba hajui. Panga anaweza kulipata, lakini hawezi kuahidi kwamba halitalika tena.

Meneja akatuita mimi na Mama Sikudhani ofisini, na mtu akiitwa ofisini na kupewa kiti ajue mambo si mazuri. Alisema ameshatengeneza mara moja, hawezi kila msimu kurudi palepale. Kuna mashine kubwa anaweza kuipata, ya kisasa, sahani inaingia na mabaki yake upande mmoja na kutokea upande wa pili. Haihitaji karo la nje. Inahitaji mtu mmoja. Hakumalizia, lakini kiti alichokikalia Mama Sikudhani kilitoa mlio.

Mama Sikudhani wakati huo alikuwa peke yake na wajukuu wawili, binti yake, huyo Sikudhani mwenyewe, alikuwa ametangulia mbele ya haki. Shamba la Mchombe lilikuwa limeingiliwa na maji. Kazi ya hosteli ndiyo ilikuwa sufuria yake. Alitoka, akaenda kwenye karo, akasugua masufuria yaliyokuwa safi tayari.

Kesho yake asubuhi nikamkuta ameshaanza kukusanya vitu vyake: kanga ya kujifungia, mwiko wake, kile kibao cha kukalia. Nikamwambia asifanye haraka, Fundi anakuja kuitazama mara ya mwisho kabla Meneja hajaamua. Akaniambia mimi ndiye nisifanye haraka, kwa sababu mashine kubwa ikija nitapata tabu kubaki peke yangu na mdomo wangu bila mtu wa kuusikiliza.

Fundi Shabani alikuja. Meneja naye akaja, akasimama mlangoni na mikono nyuma. Safari hii Shabani hakufungua pampu kwa juu kama siku zote, aliilaza mashine yote ubavuni juu ya magunia, akang'oa kifuniko cha chini kabisa. Kulikuwa na uji. Mweusi wa kijivu, umeganda pembeni mwa pampu kama ukoko. Akauchota kwa kidole, akausugua na kidole gumba, akakunja uso.

"Hili si tope la kisima," akasema. "Tope linateleza. Hili linakwaruza. Mnatia nini humu?"

Mimi nikasema sabuni yake tu ya unga. Nikaapa. Nikasema labda ni kutu, labda ni mchanga, labda waliotuletea walikuja nayo kwao. Nilikuwa najua vitu vingi asubuhi ile. Mama Sikudhani alikuwa amesimama nje ya dirisha na kanga yake imekunjwa mkononi. Alizunguka akaingia, akamsogelea Shabani, naye fundi akamwamkia shikamoo akiwa amepiga magoti vilevile, mama akaitikia marahaba. Akachukua kidole cha Shabani, hakuchukua uji, alichukua kidole, akakipitisha kwenye kiganja chake.

Angeweza kunyamaza. Mimi nimelifikiria hilo miaka yote. Alikuwa anaondoka tayari, kwa heshima, pengine na sherehe ndogo ya soda. Akinyamaza, mashine mpya inakuja na hakuna atakayejua kitu. Akisema, anaondoka na jina la mtu aliyeua mashine ya watu.

"Hayo ni majivu ya pumba," akasema. "Ya tanuri la hapo jirani. Ni yangu."

Meneja akamuuliza taratibu yamefikaje ndani ya mashine, wakati sufuria haziingii humo.

"Nilikuwa nazisugua sahani kwanza. Zote. Kabla sijampitishia Ligoha."

Shabani akauliza, kwa adabu lakini akiwa amepotea kabisa, sasa mama, kama umeshaiosha sahani, mashine unaipa ya nini?

Akamtazama kama alivyonitazama mimi siku ya kile kikombe.

"Mwanangu, hii mashine ni mgeni. Imeletwa. Wewe mama yako alikufundisha kumpa mtu chombo kina makombo ya mwenzio, umwambie haya, kioshe? Mimi ningempa kwa uso gani?"

Hakuna aliyecheka. Shabani, mtoto wa duka la vitambaa, akainamisha kichwa, nadhani alikuwa anakumbuka bakuli fulani la kwao. Mimi nilikuwa nakumbuka kitoga. Na nikaona ile sifa yote niliyoimwagia mashine mbele ya muuza mkaa, sahani zinaingia safi, zinatoka safi, na mwanamke aliyeziosha amekaa nje dirishani ananisikia ninavyosema mzungu amemaliza.

Majivu yalikuwa yanabaki kwenye mitaro ya chini ya sahani, yanashuka na maji, ni laini kuliko matundu ya chujio, yanapita, yanaingia kwenye pampu, yanasugua sili na panga kama yalivyosugua sufuria. Yalikuwa yanafanya kazi yake tu.

Meneja akamuuliza Shabani akinunua mpya itakuwaje. Shabani akasema itakula majivu vilevile, tena ina pampu mbili, itakufa mara mbili. Na hii ya zamani je, bila majivu? Akagonga tangi kwa bisibisi, akasikiliza. Bodi, yaani kiwiliwili chake, nzima, akasema, hita nzima, mlango mzima. Kilichokuwa kinakufa ni kile kinacholika, na sasa tumejua mlaji. Panga jipya, sili mpya, na pampu isafishwe yote. Itafanya kazi.

Meneja alisimama pale mlangoni muda ambao mimi ulinitosha kutubu dhambi kadhaa. Halafu akasema itengenezwe. Na akamgeukia Mama Sikudhani, akamwambia mashine hii ni ya watu wawili, mmoja nje na mmoja ndani, kwa hiyo arudishe kibao chake mahali pake. Sharti ni moja, majivu yabaki kwenye sufuria.

Mama Sikudhani badala ya kushukuru akaweka na lake. Sahani chafu hataipitisha, hata afukuzwe. Wakabishana, Meneja kwa sauti yake ya chini na mwenzake kwa ile ya nyani, mpaka wakakubaliana: ataikung'uta sahani kwa mwiko wa mti, ataisuuza kwa maji matupu kwa mkono wake, basi. Hapo ndipo ulipotokea utaratibu wenu wa mabeseni mawili pale nje ambao kila mgeni wa kazi ananiuliza ni wa kitabu gani. Ni wa Mchombe.

Na kwa kuwa roho yake bado haikutulia, kila asubuhi kabla sijasukuma treya ya kwanza, alikuwa anaingia ndani anaweka kiganja juu ya mashine, anaiambia, "Pole na kazi." Kama unavyomwambia mtu unayemkuta analima. Nilimtania sana. Nikamwambia siku ikiitikia mimi natoka mbio. Akasema ikiitikia itakuwa imejibu vizuri kuliko mimi.

Mashine ile ilifanya kazi mpaka Mama Sikudhani akastaafu, ikafanya kazi mpaka mimi nikazeeka. Tulibadilisha vitu: hita, springi za mlango, sili tena lakini baada ya miaka, sio misimu. Kwa hiyo mkiniuliza, na najua ofisi itawauliza, itengenezwe au inunuliwe nyingine, nitawajibu alichonifundisha Shabani kwa kugonga. Kinacholika kikilika, badilisheni. Kikilika kilekile mara mbili, msitengeneze na msinunue, simameni kwanza mtazame mnailisha nini na nani anailisha, na mkamuulize kwa adabu kwa sababu huenda ana sababu. Lakini bodi ikioza, tangi likitoboka kwenye viungo, vipuri vikawa havitengenezwi tena huko vilikotoka, hapo msiwe na ukaidi. Chuma nacho kina siku yake.

Na siku yake ilifika, baada tu ya mimi kuondoka. Shabani alinipigia simu mwenyewe. Aligonga tangi, akasema, bisibisi ikapita upande wa pili. Nikamwambia basi, inunuliwe nyingine. Sikusikia uchungu nilioutegemea. Nilichosikia ni kwamba kuna mtu anapaswa kuambiwa.

Nikapanda gari la Mlimba nikashuka Mchombe. Mama Sikudhani sasa haoni vizuri, lakini alinijua kwa kukohoa kwangu kabla sijapiga hodi. Mjukuu wake mkubwa ndiye analima, shamba limerudi. Tukala. Nikamweleza: mashine imekwisha, mpya inakuja, ya zamani wanaichukua watu wa vyuma chakavu, na hakuna anayeondolewa kazini, niliuliza hilo kabla ya yote. Akavuta ungo, akachagua mawe kwenye mchele kwa vidole, macho ameyapeleka kwingine.

"Wanaichukua ikoje?" akaniuliza.

Sikumwelewa. Nikasema ilivyo, imesimama nyuma ya jiko.

"Na makombo yake ndani?"

Nikamwambia ni chuma chakavu, mama, inakwenda kuyeyushwa. Aliendelea na mchele wake. Na mimi nilishawahi kurudishiwa bakuli kwenye kikapu cha baiskeli, sihitaji kuambiwa mara mbili.

Ndiyo maana mliniona. Nilikuja na basi la asubuhi toka Mchombe, na sabuni yangu mwenyewe. Nilitoa chujio, nikasafisha mikono yake yote miwili, tundu moja moja, nikaufuta mlango ndani na nje, nikafika hadi chini kwenye pampu. Hakukuwa na majivu hata chembe. Nikapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa tangi, pale ambapo hapajatoboka, ikalia.

Kisha nikaweka kiganja juu yake nikaiambia, pole na kazi.